Mpaka Mlangoni: Maisha ya Mwalimu Ruphin Kashindi

Mwenyekiti wa Chama chetu cha Kusaidiana, bwana Anaclet, watumishi wa Mungu wa madhehebu yote mlioketi hapa, masheikh wetu, walimu, wafanyabiashara wa soko la Warwick mlioacha meza zenu siku ya Jumamosi kwa ajili yetu, majirani wa mitaa ya Greyville na Point hapa Durban, poleni sana, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Gracieuse, kitinda mimba wa nyumba yetu, yule anayesuka nywele pale Point, na akina mama wengi humu ndani vichwa vyao navijua kuliko waume zao wanavyovijua, kwa hiyo kusimama mbele yenu hakunitishi. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu kabla jeneza halijainuliwa kutoka ukumbi huu, na nimeahidi kusoma yote kwa mpangilio wake, bila kuongeza na bila kupunguza. Najua wengi wenu mnasubiri sentensi moja tu, ile ambayo wazee wa kanisa waliomba iwemo, maana bila sentensi hiyo mlango wa kanisa hautafunguliwa leo kumpokea. Tutafika huko. Kaka hakupenda mtu anayeruka kurasa.

Mwalimu Ruphin Kashindi alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Uvira, Kongo, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Mama yetu alilima mihogo, na baba yetu alikuwa seremala, aliyetengeneza mabenchi ya kanisa la Waprotestanti asubuhi na ya Wakatoliki mchana, akagombezwa na pande zote mbili, akaendelea kupiga randa. Marehemu alibatizwa mwaka huo huo wa 1944, na jina la Ruphin alipewa na bibi yetu, mama yake baba, aliyelisikia kwa mgeni mmoja akalipenda, na hakuwahi kutuambia mgeni huyo alikuwa nani.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo Uvira kuanzia 1951 hadi 1957, kisha akaenda Bukavu kwa sekondari, ambako vita vya mwaka 1964 vilimkatisha, akarudi nyumbani kwa miguu, akangoja, akarudi tena darasani mambo yalipotulia. Mwaka 1967 alijiunga na chuo kikuu huko Lubumbashi, na mwezi wa Julai 1972 alipata lisansi, yaani shahada, yake ya historia. Wenzake waliandika tasnifu juu ya falme za zamani na reli ya shaba, yeye akachagua Mmarekani wa kale anayeitwa James Madison, mmoja wa watu walioitunga katiba ya nchi ile na baadaye rais wake wa nne, na yale aliyoyafikiri kuhusu dini na serikali. Baba alipopata habari hiyo aliuliza huyo Madison ni wa ukoo gani, na alipojibiwa kwamba hana ukoo kwetu, aliirudia randa yake.

Kwa wale ambao hawakuwahi kukalishwa chini na kaka wakafundishwa hayo, nao humu ndani ni wachache, nitasema kwa kifupi. Madison alipokuwa kijana, katika jimbo lake la Virginia, wahubiri wa Kibaptisti walikuwa wakifungwa jela kwa sababu walihubiri bila kibali cha serikali, na jambo hilo lilimchoma moyo ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mbaptisti. Baadaye wakubwa wa jimbo hilo walitaka watu watozwe kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, naye alipinga, akisema kwamba serikali yenye uwezo wa kuupendelea Ukristo na kuziacha dini nyingine, kesho itakuwa na uwezo ule ule wa kulipendelea dhehebu moja na kuyaacha mengine. Alisema pia kwamba dini inayoshikwa mkono na serikali haipati nguvu, inalegea. Kaka alikuwa akifika hapo anavua miwani, na sisi nyumbani tulijua kwamba chakula kitapoa.

Wala hakutuficha upande wa pili. Bwana Anaclet, mwenyekiti wetu, aliwahi kumsimamisha katika mkutano na kumuuliza, hapa Afrika Kusini, watu wametoka juzi tu katika ubaguzi, utatuletea vipi mafundisho ya mtu aliyemiliki watumwa? Kaka alikubali kwamba ni kweli, Madison alikuwa na watumwa mpaka siku anakufa, na akasema hilo ni doa ambalo hakuna sabuni ya kulitoa. Halafu akasema, "Hoja yake ni nzuri, tunaichukua. Yeye mwenyewe, atajibu kwa Mungu." Tukanywa chai.

Kuhusu kazi, marehemu alianza kufundisha historia na uraia mjini Bukavu mwezi wa Septemba 1972, mwaka ule ule ambao serikali ya kwetu iliwakataza watu majina ya Kikristo. Alipoitwa ofisini kubadilisha jina lake aliandika walichotaka, maana karatasi ni ya kwao, lakini nyumbani, kanisani na sokoni alibaki Ruphin, akisema serikali haikumpa jina hilo kwa hiyo haina pa kulichukulia. Serikali ilipoondoa somo la dini mashuleni alisema mbele ya walimu wenzake kwamba hiyo si kazi ya serikali, akahamishwa shule kwa ghafla. Miaka michache baadaye dini iliporudi na shule zikarudishwa kwa misheni, mkuu wake mpya alitaka watoto wote walazimishwe kuingia katika somo hilo, hata watoto wa Kiislamu wa pale mtaani, na kaka akasimama tena kupinga. Akawa adui wa serikali kwanza, halafu adui wa misheni, kwa maneno yale yale, na mimi niliyekuwa naishi kwake wakati huo nawaambia haikuwa raha.

Tarehe 20 Julai 1974, mjini Bukavu, alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Marie-Claire, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa maneno machache ambaye akishasema hapana hata ngazi haifiki pale neno hilo lilipo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Pacifique aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1978, ambaye sasa anatengeneza simu katika duka moja karibu na stendi ya taxi, na Immaculée aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1981, anayemaliza shule mwaka ujao. Marehemu aliomba na familia yake kila jioni, na aliimba sauti ya tatu, vibaya, kwa moyo wote. Nalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu wako watu mjini hapa waliosema kwamba Mwalimu hana Mungu. Mtu huyu alimpenda Mungu kuliko alivyowapenda watu wanaomsemea Mungu.

Mwezi wa Januari 1994, baada ya mishahara ya walimu kukatika huko kwetu, alifika hapa Durban peke yake, akabeba mizigo ya wafanyabiashara pale Warwick Junction, huku akijifunza Kizulu kwa kukosea mbele ya watu, na mwaka 1996, mke na watoto walipomfuata, alipata nafasi ya kufundisha Kifaransa katika chuo kimoja cha jioni mjini. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa kanisa letu la Greyville, lile lililo ghorofa ya juu ya duka la fanicha, na mwaka 1995 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Chumba kile cha kanisa alikitafuta yeye, akazungumza na mwenye nyumba kwa Kiingereza chake cha kitabuni, na kwa kuwa kanisa halikuwa na usajili wakati ule, mkataba uliandikwa kwa jina la Chama chetu. Naomba mlikumbuke hilo, maana litarudi.

Chama chetu cha Kusaidiana kilianzishwa tarehe 14 Oktoba 1995, kwa watu wote wasemao Kiswahili mjini hapa, Wakongo, Wakenya, Watanzania na yeyote mwingine, ili mtu akifa asizikwe kama hana ndugu. Marehemu ndiye aliyeandika sheria yake ya mazishi, na mnaijua. Wabebaji wa Chama hufunga kitambaa cha bluu mkononi, humbeba marehemu mpaka mlangoni pa nyumba ya ibada ambayo ilikuwa yake, na pale mlangoni humweka chini, hufungua vitambaa, na kumkabidhi kwa watu wa imani yake. Anayetaka kuingia anaingia kama yeye mwenyewe, si kama Chama. Akiwa hana nyumba ya ibada, anapelekwa moja kwa moja makaburini kwa heshima ile ile. Kaka alisema Madison angeelewa, na mimi nilimwambia Madison hajawahi kupandisha jeneza ngazi za Greyville.

Maana mnakumbuka mazishi ya kwanza. Wabebaji walichoka, wakamweka marehemu yule mlangoni pa chini, wakafungua vitambaa vyao, bila kukumbuka kwamba jengo lile lina makanisa mawili, na watu wa kanisa la chini, waliodhani wamepewa, wakampokea kwa ngoma na vigelegele, huku wetu wa juu wakingoja na vitabu vya nyimbo mikononi. Hakuna aliyethubutu kuwakatiza. Walipomaliza, wabebaji wakafunga vitambaa upya, akapandishwa juu, akaombewa tena tangu mwanzo. Mjane wake aliniambia baadaye kwamba alikufa mtu mmoja akazikwa kama wawili, na kaka alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Mwaka 1997 wanachama walikuwa wamekuwa wengi, na wengi wao walikuwa wa kanisa letu, basi likaja pendekezo kwamba mikutano ya Chama ifunguliwe kwa sala ya mchungaji wetu, na kwamba mtu akiomba msaada alete kwanza barua ya kanisa lake. Wengi waliona ni jambo jema, hata mimi niliona ni jambo jema. Kaka, mzee wa kanisa hilo hilo, alisimama akapinga, akawaambia kwamba leo barua ni ya kanisa lolote, kesho itakuwa ya kanisa letu, na keshokutwa itakuwa ya wale wanaokaa mabenchi ya mbele. Pendekezo lilianguka. Mchungaji Libère, kiongozi wa kanisa letu, hakumsalimia kwa wiki kadhaa, na haya nayasema yeye akiwa ananisikia, tumeshayaongea.

Mwezi wa Machi 1998 akafa Machano, Mzanzibari, kuli wa zamani wa bandarini, aliyekaa chumba kimoja pale Point, hana mke, hana ndugu upande huu wa dunia. Alikuwa Mwislamu na alikuwa mwanachama. Siku ile wabebaji walipungua, wengine waliogopa wachungaji wao, wengine walipata safari za ghafla, na kaka akajifunga kitambaa cha bluu, akaweka bega lake, akambeba Machano mpaka kwa wenzake wa msikitini. Alifika mlangoni, akamkabidhi, akafungua kitambaa, akasimama nje barabarani kofia mkononi mpaka sala ilipokwisha. Hakuingia. Lakini habari zilifika Greyville kwamba mzee wa kanisa amepeleka maiti msikitini, na tarehe 26 Aprili 1998, siku ya Jumapili, shemeji yangu akiwa ameketi na kwaya, jina la kaka lilisomwa mbele ya watu, akaondolewa uzee wa kanisa, akatengwa na meza ya Bwana mpaka atakapotubu.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili, alimsindikiza mke wake mpaka mlango ule, akampa kitabu chake cha nyimbo, akateremka kungoja chini kwenye baraza ya duka la fanicha. Ibada ilisikika pale kupitia madirisha, na aliimba sauti yake ya tatu kutoka barabarani, wapita njia wakimshangaa. Nilimwambia, kaka, tafuta kanisa jingine, mji huu una makanisa mengi kuliko mabucha. Akanijibu kwamba kanisa lake analo, ila limemkasirikia.

Mwezi wa Februari mwaka huu figo zake zilianza kushindwa, na mwezi wa Juni alilazwa katika hospitali ya serikali hapa mjini. Hapo ndipo bwana Anaclet, kwa mapenzi mema, alipokwenda kitandani kwake na kumwambia kwamba mkataba wa chumba cha kanisa bado una jina la Chama, na kwamba Mungu akimchukua, Chama kitawaambia wazee wachague, wafungue mlango au watoe mabenchi. Nilikuwepo. Kaka hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, lakini alijiinua kwa kiwiko, na akarudi katika Kiswahili cha Uvira kama afanyavyo mtu akiumia, akasema, "Hapana, Anaclet. Ni mulango yao, wakifunga ni haki yao. Mukiufungua na nguvu kwa ajili yangu, munanifukuza mara ya pili." Kisha akamwagiza mkataba ule uandikwe upya kwa jina la kanisa, ambalo sasa lina usajili wake, ili asiwepo mtu wa kujaribiwa, na hilo limefanyika tarehe 2 Julai. Ninyi wa kanisa mlioko hapa, ambao hamkuujua mkono uliowapa chumba, sasa mnaujua.

Marehemu aliaga dunia siku ya Alhamisi, tarehe 12 Agosti 1999, saa nne asubuhi, mikononi mwa mke wake, baada ya kuomba naye na kuniomba mimi nipunguze maneno.

Sasa nimefika kwenye sentensi. Jumatano iliyopita alasiri wazee wa kanisa walikuja nyumbani na mchungaji, wakatupa pole, wakaketi, wakasema kwa upole kwamba wangependa kumpokea ndugu yao, ila utaratibu wa kanisa unataka aliyetengwa awe ametubu, na kwamba inatosha mjane aseme alitubu kitandani, na mimi niisome leo mahali hapa, baada ya ugonjwa na kabla ya shukrani. Sentensi moja. Nawaambia ukweli, mimi ningeisoma. Ningeisoma haraka na kukohoa, kaka angepanda ngazi zile, angeimbiwa na kwaya ya mke wake, na shemeji yangu angerudi Jumapili ijayo kukaa mahali pake bila kuangaliwa.

Marie-Claire aliwamiminia chai wote. Akauliza, "Atubu nini?" Mzee mmoja akajibu, juu ya ile ya Machano. Shemeji yangu alikunja kitenge chake magotini, akasema, "Bwana yangu aliomba Mungu msamaha kila jioni, kwa mengi, mengine nayajua mimi. Lakini kubeba maiti ya mtu hakutubu, na mimi sitamusemea uongo hapa akiwa amelala, sababu hawezi tena kunijibu." Nimemjua mwanamke huyu miaka ishirini na mitano, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo kwa mara moja. Wazee waliaga kwa heshima. Hawakutukana, hawakutishia, na sisi vile vile.

Basi sentensi hiyo haimo. Mahali pake ni hapa, na mnaona nimepapita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule nesi wa Kizulu aliyejifunza kusema pole mwalimu, majirani wa jengo letu la Greyville waliotupikia, walimu na wanafunzi wa chuo cha jioni, akina mama wa Warwick, Chama cha Kusaidiana, na ndugu zetu wa msikitini, ambao tangu saa moja asubuhi wamesimama nje ya ukumbi huu, kofia zao kichwani, kama yeye alivyosimama nje ya msikiti wao.

Na tunamshukuru Mchungaji Libère. Leo asubuhi alikuja nyumbani bila kola yake ya uchungaji, akiwa na shati la kawaida, akamwambia mjane kwamba ufunguo wa kanisa uko kwa wazee, nao wamepiga kura usifunguliwe bila sentensi ile, na yeye anaiheshimu kura yao hata ikimuuma, lakini bega ni la kwake mwenyewe. Akaomba kitambaa cha bluu. Marie-Claire ndiye aliyemfunga mkononi, na atabeba mbele, upande wa kushoto.

Tutatoka hapa kwa miguu, tutapita robot, yaani taa za barabarani, tutapandisha ngazi za jengo la fanicha, za juu, jamani, siyo mlango wa chini, na pale mlangoni pa kanisa lake tutamweka chini na kufungua vitambaa, kama sheria yake inavyosema. Anayependa kuimba ataimba, anayependa kunyamaza atanyamaza. Mlango ukifunguliwa, tutashukuru. Usipofunguliwa, hakuna atakayeugonga, tutafunga vitambaa tena na kwenda naye makaburini.

Kaka Ruphin, mimi nilikuwa nakucheka na Madison wako, nikisema hayo ni maneno ya watu waliokufa zamani. Leo nimegeuka kuangalia ukumbi huu, kuanzia mabenchi ya mbele mpaka barabarani. Hakuna hata mmoja aliyelazimishwa kukuombea, na wamekuja wote. Lala kwa amani, mtoto wa seremala, sisi tutakufikisha mpaka mlangoni.